Chumba Kisichovuja

Usoke, 5 Februari

Nimeanza daftari hili kwa sababu jioni sina wa kuzungumza naye. Mume wangu Zablon siku hizi akifungua mdomo anakohoa kabla ya kusema, na akimaliza kukohoa amesahau alichotaka kusema, au anajifanya amesahau. Mwanangu Silasi yuko Kahama na dada yake kaolewa Mwanza. Darasani nasema kutwa nzima, lakini huwezi kumwambia mtoto wa darasa la sita kwamba unaogopa.

Mvua tangu asubuhi. Bani la pili la kukaushia tumbaku limewashwa.

8 Februari

Zablon ameshinda kwenye bani tena. Tumbaku ikishachumwa na kufungwa kwenye fito huingizwa humo ikaukie kwa moto wa magogo, na moto huo hautakiwi kuzimika wala kuzidi kwa karibu wiki nzima. Tuna Masolwa wa kusaidia, mtu mzima, mchapakazi, lakini Zablon hamwamini. "Masolwa ana mikono, hana pua," anasema. Kwa hiyo yeye ndiye anayefungua mlango, anaingiza kichwa kwenye lile joto na moshi, ananusa, anatoka machozi yakimtiririka, kisha anatoa amri. Amefanya hivyo tangu kabla hatujaoana.

Leo alipotoa kichwa alikaa chini palepale kwenye matope. Nikamwambia, "Baba Silasi, mwachie mwenzio." Akanipungia mkono kama anafukuza kuku.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Mmoravian huyu hajawahi kuweka sigara mdomoni. Mimi Mkatoliki nilijaribu moja nikiwa chuo cha ualimu, nikatapika. Yeye amelima kitu hiki maisha yake yote na hajui ladha yake.

9 Februari

Mvua.

12 Februari

Usiku bati la chumbani kwetu liliachia, maji yakadondokea upande wake wa kitanda. Asubuhi alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikasema basi, hapa hapakaliwi tena.

Nyumbani kwetu kuna chumba kimoja tu kisichovuja, nacho ni cha tumbaku. Ukiingia nyumba yoyote ya mkulima huku utakuta hivyohivyo: tumbaku imelala pakavu chini ya bati jipya, mwenye nyumba anahamahama na ndoo. Iliyokwisha kukauka imepangwa humo tangu sakafuni hadi karibu na dari, imefunikwa turubai, kwa sababu ikilowa inaota ukungu, na ikiota ukungu mwaka mzima umekwenda bure. Nikamwambia Masolwa tusogeze upande mmoja, tukaingiza kitanda. Pakavu, pana joto, hapana upepo. Zablon alipolala akagusa turubai kwa mkono akatabasamu. Nadhani kilichomfurahisha ni kulala na mzigo wake.

Majirani waliokuja kumwona wote walisifu. "Umemweka pazuri, Mwalimu." Aliyeharibu ni wifi yangu Levina, dada mkubwa wa Zablon, mjane anayekaa ng'ambo ya reli. Alisimama mlangoni, akavuta hewa puani, hakuingia.

"Wifi, mleteni kwangu," akasema. "Kwangu kunavuja, lakini kunapumua."

"Mume wangu ana kwake," nikamjibu.

Levina hajawahi kuomba kitu, huwa anaagiza. Tangu siku ya harusi yangu ananiita "mwalimu wetu" kwa sauti ile ya kunipima. Nyumba yake ni ya udongo na nyasi, kati ya ukuta na paa kuna uwazi ambao paka anapita. Na anajua vizuri maana ya anachokitaka. Huku mgonjwa akirudishwa kwa ndugu zake, watu hawasemi amekwenda kubadilisha hewa. Wanasema mke amechoka, au ndugu wameanza kuuliza anapewa nini kwenye uji.

14 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimerudi kanisani na alama ya padri kwenye paji la uso, Zablon akaniangalia akacheka. "Ungeniambia, ningekupaka mimi. Majivu ninayo bani zima." Kicheko kikageuka kikohozi. Mimi nilicheka peke yangu mpaka mwisho kisha nikaona haya.

17 Februari

Mvua. Amekunywa uji nusu kikombe.

20 Februari

Hali si nzuri. Kifua kinapiga filimbi akitoa pumzi. Nimekaa nikafikiri upepo unapita wapi, nikagundua dirisha la chumba kile halifungi vizuri. Nimepigilia nailoni kwa misumari pande zote, na chini ya mlango nimeweka gunia. Jioni naingiza jiko la mkaa, chumba kikishapata joto nalitoa. Kifua hakitaki baridi; mama yangu alisema hivyo, mama yake alisema hivyo, na hakuna mtu Usoke atakayekwambia tofauti.

22 Februari

Darasa la sita, mfumo wa upumuaji. Mada naipenda. Niliwaambia walete chupa za maji, maputo na mirija ya kalamu, tukatengeneza mapafu. Unakata kitako cha chupa, unaziba kwa mpira wa puto lililopasuliwa, na ndani unaning'iniza maputo mawili. Ukiuvuta mpira wa chini, maputo yanajaa. Ukiuachia, yanasinyaa. Ule mpira ndio kiwambo, msuli ulio chini ya mbavu, na wao walidhani mapafu yanajivuta yenyewe.

Nikawachorea ubaoni. Hewa inaingia puani, vinyweleo vinazuia vumbi, ute unalinasa lililobaki. Inashuka kwenye koromeo, inaingia bomba la hewa lenye pete ngumu zisizoliacha lijifunge. Bomba linagawanyika mawili, kila tawi linazaa matawi madogo, mpaka mwisho kabisa kwenye vifuko vya hewa, vidogo kuliko chembe ya ulezi. Huko ndiko damu inakopokea oksijeni na kurudisha hewa chafu. "Kwa hiyo mtu anahitaji nini?" nikauliza. Darasa zima likaimba: "Hewa safi!" Nikasema vizuri sana, kaeni chini.

Nikarudi nyumbani nikaangalia kama nailoni imeshika.

27 Februari

Zahanati walichukua makohozi yakapelekwa kupimwa. Majibu: hana kifua kikuu. Nilimshukuru Mungu barabara nzima, nikanunua samaki. Wamempa vidonge na kusema alale pakavu. Nikasema hilo tayari.

4 Machi

Leo tumeanza kuchambua tumbaku kwa madaraja, na Zablon hakukubali tuifanyie kazi nje ya macho yake. Basi tumechambulia humohumo. Akina mama kutoka kwa jirani wamekaa mkekani kuzunguka kitanda, turubai limefunuliwa, kila jani linakung'utwa, linanyooshwa, linawekwa fungu lake. Zablon ameegemea mito, analetewa jani moja moja. Analipitisha kwenye vidole, analisogeza puani, anasema, "Hili juu," "Hili lilichelewa kuchumwa," "Hili ni la yule asiye na pua." Masolwa mwenyewe akacheka. Vumbi lilikuwa linaonekana kwenye mwanga wa mlangoni, la kahawia, linaelea.

Sijamwona na furaha namna ile tangu mwaka uanze. Alisema utani wa zamani kuhusu Wakatoliki na mvinyo. Wote tukawa tunapiga chafya na kucheka.

Levina alipita, akasimama pale mlangoni pake pa siku zote. "Zablon," akaita, "babu zetu walikuwa wapagazi. Walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, mali yao ilikuwa ni pumzi. Wewe yako unaifungia chumbani?"

"Dada, ingia au utoke, unaleta baridi," Zablon akasema, na akina mama wakacheka tena. Nami nilicheka.

5 Machi

Hawezi kumaliza sentensi.

11 Machi

Naandika leo yaliyotokea tangu juzi, maana sikuwa na mkono wa kuandika.

Jumamosi mchana alianza kuvuta hewa kwa mabega. Mabega yanapanda, shingo inakaza mishipa, ngozi kati ya mbavu inaingia ndani. Kucha zikawa za bluu. Nimefundisha hili jambo kwa chupa na maputo, lakini chupa haikuangalii usoni. Masolwa alikimbia akalisimamisha gari lililokuwa linakwenda Urambo, tukampakia.

Hospitalini wakamweka oksijeni, wakambana kidude kidoleni, wakampa dawa ya mvuke kwa barakoa. Ikachukua muda, kisha mabega yakashuka. Nikatoka nje nikalia karibu na bomba la maji, nikanawa, nikarudi.

Daktari ni kijana, mpole, anaongea taratibu. Akamuuliza Zablon, "Mzee unavuta sigara?"

"Sivuti. Nalima tu."

"Unakausha mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

Daktari akasikiliza mgongo kwa muda mrefu. Kisha akanieleza mimi, maana nilimwambia ni mwalimu wa sayansi. Alisema njia za hewa za Zablon zimevimba na kujaa ute, na vile vifuko vya mwisho vimechakaa, vingi vimepasuka na kuungana. Havitarudi. Shida yake si kuingiza hewa, shida ni kuitoa. Inaingia, inanaswa, na nyingine haina pa kukaa. "Kifua chake kimejaa hewa ya jana," akasema. Akamfundisha kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobana, kama anayepuliza chai ya moto. Zablon alifanya vizuri kuliko nilivyotegemea.

Halafu daktari akauliza, "Nyumbani analala wapi?"

Nikaanza kujibu kwa fahari. Nilikuwa nimefika kwenye bati jipya, na ukavu, nikataja tumbaku, nikataja nailoni, nikataja jiko, na sauti yangu ikawa inapungua yenyewe. Yule kijana hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, huyo analala ndani ya bani lingine." Akaandika dawa, na pampu ya kuvutia dawa mdomoni, na akasema mzee asilale tena chumba kile.

Nimekuwa nikiziba kila tundu lililokuwa linampa uhai. Mimi. Na mada nimeifundisha.

13 Machi

Tumerudi. Neno la kwanza nililosema ni kwamba tumbaku itoke. Zablon akauliza itakwenda wapi. Chumba chetu kinavuja, sebule inavuja, bani limejaa moshi na mzigo wa mwisho, na nje mvua haikatiki. Soko halijafunguliwa.

"Ukiitoa mvuani," akasema, akapuliza chai yake ya moto, "umeniua. Kabla ya hicho kifua."

"Zablon, daktari amesema."

"Daktari halimi."

Nikang'oa nailoni. Mvua ikaingia mpaka kwenye turubai. Akanitazama tu, na macho yale siwezi. Nikairudisha. Nimemwambia ni mpaka soko lifunguliwe.

16 Machi

Pampu asubuhi, pampu jioni. Jiko siingizi tena. Nimeondoa gunia mlangoni. Najiambia hayo yanatosha.

19 Machi

Nimekwenda kwa Levina. Nilivuka reli na mwavuli uliovunjika, nikamkuta anakoka moto nje, chini ya kibanda, si ndani. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo. Nikasema "Shikamoo, wifi," akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kukuomba umpokee."

Nilitegemea aseme, "Niliwaambia." Akafuta mikono kwenye kanga. "Kitanda kiko upande usiovuja sana," akasema. "Nilikitandika siku ile ya kwanza."

Jioni Masolwa alimsukuma kwa baiskeli, mimi nikishika mwavuli. Watu walitoka milangoni kuangalia. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, umemrudisha kwao?" Nikasema ndiyo. Ilinichoma kuliko nilivyotarajia, na nilikuwa nimetarajia sana.

20 Machi

Amelala usiku mzima.

22 Machi

Ametembea mpaka relini na kurudi, akisimama kupuliza. Treni ya mizigo ilipita, akainua mkono kwa dereva kama mtoto. Levina amempikia mlenda na ugali wa mtama, amekula, ameomba tena. Pale kwenye uwazi wa ukuta upepo unapita juu ya kitanda moja kwa moja. Nimelala chini ya upepo huo nami na kichwa changu hakiumi asubuhi. Nilikuwa nafikiri maumivu ya kichwa ni uzee.

Levina na mimi tumeosha vyombo pamoja. Ameniambia mama yao alikuwa anatolewa nje na mkeka wake kila kifua kilipombana, hata kwenye baridi, na watu wakimsema vibaya yule aliyemtoa. "Nani alikuwa anamtoa?" nikauliza. "Mimi," akasema. "Mtoto. Nilikuwa naona tu kwamba nje anaacha kulia."

Nimekaa na mwanamke huyu ukoo mmoja miaka yote hii nikimwona ana roho mbaya.

25 Machi

Mvua kubwa, na upepo. Nyasi za paa zimeng'oka upande mmoja.

26 Machi

Nimefanya kitu na sijui nilikuwa na akili gani.

Asubuhi kwa Levina palikuwa na maji sakafuni, blanketi limelowa, Zablon anatetemeka, meno yanagongana. Levina alikuwa amekwenda kutafuta wa kuezeka. Nilimwona anatetemeka na yote niliyoambiwa na daktari yakatoka kichwani, ikabaki sauti ya mama yangu: baridi, baridi, baridi. Nikamwita Masolwa. Tukamfunga kanga kavu, tukamrudisha kwenye chumba cha tumbaku.

"Siku moja tu," nikamwambia. "Mpaka kwa wifi pakauke."

Zablon akashukuru. Hilo ndilo linanimaliza, kwamba alishukuru. Akaingiza mkono chini ya turubai, akatoa jani, akanusa. "Hii imekaa," akasema.

Levina aliporudi kwake alikuta kitanda kitupu, akatufuata mchana amelowa. Alikaa chini mlangoni, pale pake.

27 Machi

Mvua haijakatika. Kesho atarudi kwa wifi.

28 Machi

Kesho.

30 Machi

Alifariki jana, Ijumaa Kuu, saa za Njia ya Msalaba. Kengele ya kanisa siku hiyo haipigwi, kwa hiyo nilisikia mvua tu. Pampu haikusaidia. Mabega yalipanda. Nilimshika uso nikamwambia, puliza, Baba Silasi, puliza chai, na akajaribu, alibana midomo kabisa kama alivyofundishwa. Masolwa alikuwa ameshakwenda barabarani kutafuta gari. Levina aliingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti kile. Alishika miguu yake, mimi nimeshika uso, na hewa ikaingia mara moja ya mwisho haikutoka.

Sina la kuongeza hapo. Nilimpenda.

1 Aprili

Tumemzika leo. Naandika ya msibani kwa sababu nisipoandika nitasema sikuyaona.

Mwili ulipotakiwa kulala nyumbani, wazee wa kanisa lake waliangalia sebule inavyovuja wakasema jeneza haliwezi kukaa hapo, na wageni kutoka Tabora na Kahama watakaa wapi? Mmoja akafungua chumba cha tumbaku. "Hapa pakavu," akasema. "Tutoe hiki kitu." Masolwa akanigeukia kuniuliza iende wapi. Kabla sijafungua mdomo Levina akasema, "Kwangu."

Vijana wa kwaya walipanga mstari. Mvua ilikuwa inanyesha vilevile. Waliifunga kwenye maturubai waliyoazima, wakaivusha reli kichwani na kwa baiskeli, wakaipanga juu ya magogo kwenye ule upande usiovuja sana, pale kilipokuwa kitanda chake. Chai ya waombolezaji ilikuwa bado haijachemka na chumba kilikuwa kimeshabaki kitupu.

Kisha akina mama wakaingia kukaa na mwili. Mgeni mmoja, shangazi wa mtu, sikumfahamu, alikaa kidogo tu akajifunika pua na kanga. "Jamani hapa hapakaliki," akasema. "Hili dirisha nani kalipigilia? Fungueni watu wapumue." Wakaing'oa nailoni yote na misumari yake. Upepo ukaingia. Niliusikia shingoni, nikasubiri kuona baridi yake, na haukuwa wa baridi hata kidogo.

9 Aprili

Silasi ameondoka. Nimerudi shuleni. Zile chupa bado ziko dirishani darasani, maputo yamelegea, nimemwomba mwalimu mwenzangu Julieth aziondoe.

Mvua imekatika. Levina anakuja jioni, tunakaa nje, hatuzungumzi sana. Leo Masolwa alikwenda kuitazama tumbaku kule kwa wifi, akarudi akasimama mbele yetu ameshika kofia. Anasema imekaa vizuri, haina ukungu hata jani moja.